Kaa wa kombe na wale kaa wakubwa wa Norwei ni ukoo mmoja kweli?

MamaTwalha
Asalaam aleikum, hamjambo nyote. Wajuzi wa bahari nisaidieni maana hapa nyumbani tumebishana mpaka chai imepoa. Kijana wangu alikwenda pwani hapa Bamburi na wenzake akarudi na kaa mdogo wa kombe, wale wanaotembea na nyumba yao. Amemtia kwenye beseni na mchanga na kipande cha embe. Ana gando moja kubwa la kushoto, zambarau zambarau hivi, ukimgusa anajikunja ndani chap halafu lile gando linabaki mlangoni limeziba, huingizi hata kijiti. Usiku nasikia krr krr, kuwasha taa yuko nusu ya pazia.

Sasa kakangu ni baharia na meli yao ilitia nanga Kirkenes, Norwei kule juu kabisa. Nikamrushia picha kwa wotsapu, naye akanirudishia picha ya kaa mwekundu mwenye miiba mwili mzima, miguu yake ikinyooshwa inampita mtu mzima mabega. Akaandika "huyo wako na huyu wangu babu yao mmoja, ila huyu wangu alihama nyumba". Mimi namjua kakangu kwa masihara lakini safari hii ameapa. Ni kweli au ananichezea? Na la pili, huyu mdogo afugika? Ala nini, na akikua nimtafutie kombe kubwa kwa wale wauza makombe wa pwani au vipi?

Chotara_wa_Likoni
Mtie kwa tui la nazi na ndimu maswali yote yaishe 😂😂

MamaTwalha
Wee, Twalha akikusikia utanitoa machozi ya watu. Nataka jibu la maana.

Mzamiaji_Nyali
Mamake Twalha, kakako hajakudanganya. Na huhitaji maabara, hesabu miguu tu. Kaa wa kawaida, yule wa mikoko tunayemnunua Kongowea au wale wakimbiaji weupe weupe wanaochimba mashimo mchangani, ana magando mawili na nyuma yake miguu minane, minne kila upande. Mwambie kakako ahesabu wa kwake: magando mawili, miguu sita, basi. Watu hudhani mingine imekatika, kumbe ipo, ile jozi ya mwisho ni vijiguu vyembamba vimekunjwa ndani ya gamba na kazi yake ni kusafisha matamvua, yale ya kupumulia. Huyo wako wa beseni naye ni hivyohivyo, kinachotoka nje ni magando na jozi mbili za miguu, jozi mbili za nyuma ni fupi ziko ndani zinashikilia kombe. Wote hao wamewekwa kundi moja linaitwa Anomura, na kaa wa kawaida wana kundi lao Brachyura. Kwa hivyo ukienda kwa mahesabu ya wataalamu huyo mtoto wako hakuokota kaa hasa, ameokota jirani wa kaa.

Sasa twende kwa hiyo habari ya kuhama nyumba maana hapo ndipo patamu. Kaa wa kombe tumbo lake ni laini, halina gamba, na limepinda kuelekea kulia kwa sababu makombe mengi ya konokono wa bahari yanazunguka kulia. Mwisho wa tumbo ana vikulabu viwili, cha kushoto ndicho kikubwa, hivyo ndivyo vinang'ang'ania ule uti wa katikati ya kombe. Ndiyo maana ukimvuta kwa nguvu anakatika kabla hajaachia, kwa hivyo Twalha asijaribu.

Haya, huyo mkubwa wa kakako anaitwa kaa mfalme, mchukue jike mpindue. Utakuta tumbo amelikunja chini ya kifua vizuri tu kama anavyofanya kaa wa mikoko, lakini angalia kwa makini: limekaa upogo. Vipande vya gamba vya upande wa kushoto ni vikubwa kuliko vya kulia, na vile vijiguu laini vya kushikilia mayai karibu vyote viko upande wa kushoto tu, kulia hamna kitu. Sasa mnyama anayetembea wazi chini ya bahari, hana kombe, hana cha kumbana, upogo wa nini? Ni urithi huo. Wazee wake waliishi ndani ya kombe la kuzunguka kulia na tumbo bado linakumbuka.

Hiyo ilishukiwa zamani sana kwa kuangalia miili tu, halafu mwaka 1992 Cunningham na wenzake wawili walilinganisha DNA wakatoa kwenye jarida la Nature: kaa mfalme wameangukia ndani kabisa ya ukoo wa kaa wa makombe, si pembeni. Wako wataalamu waliobisha miaka mingi wakisema mambo yalikwenda kinyume, eti wa makombe ndio waliotoka kwa wa magamba kama kaa mfalme, lakini DNA zilizopimwa baadaye zimezidi kuwaelemea.

Fundi_simu_Mwembe_Tayari
Mimi bado sijakubali. Mtu ana nyumba ya bure, ngumu, anabeba popote aendako, adui akija anafunga mlango, halafu aamue kuiacha atembee na tumbo laini nje?? Si angeliwa siku hiyohiyo, nani angebaki wa kuzaa hao wafalme

Mzamiaji_Nyali
Swali zuri bro. Kwanza haikuwa kuamua wala siku moja, ni vizazi na vizazi. Pili hiyo nyumba si ya bure. Kaa wa kombe hatengenezi kombe, anarithi la konokono aliyekufa, na makombe mazuri ni haba kila mahali kwa hiyo wanapigania. Wale wa baharini utaona mmoja amemshika mwenzake anamgongagonga kombe lake kwenye la mwenzake, ta ta ta ta, mpaka mwenye nyumba achoke atoke. Na mwili haukui kupita kombe. Kaa mfalme mwekundu wa Pasifiki ya kaskazini anapita kilo 10 na miguu yake kutoka ncha hadi ncha inakaribia mita 1.8, niambie konokono gani ana kombe la kumtosha huyo.

Na mfano hai uko hapa jirani. Kaa wa minazi, Birgus latro, huyu yuko visiwa vya Bahari ya Hindi, Chumbe pale Zanzibar wapo. Ndiye mkubwa kuliko wote kwa wanyama wa jamii ya kaa na wadudu wanaoishi nchi kavu, anafika kilo 4. Akiwa mdogo anabeba kombe sawasawa na huyo wa kina Twalha, tena wao ni binamu wa karibu kabisa, halafu akipata ukubwa kidogo analiacha na tumbo linaota gamba lake gumu. Maisha ya mnyama mmoja unaona hatua zote mbili. Ila msichanganye, kaa wa minazi na kaa mfalme kila mmoja aliacha kombe kivyake, si tawi moja.

Na mwili kugeuka ukawa bapa na tumbo likaingia chini mpaka ukamdhania kaa, hiyo imetokea mara nyingi mno, wanasema si chini ya mara tano kwa koo tofauti. Muingereza Borradaile alishaliandika mwaka 1916. Kwa nini umbo la kaa lapendwa hivyo bado wanavutana, mimi naona kuficha tumbo peke yake kunatosha, ndipo penye nyama na mayai.

Mzee_wa_Malema
Wanangu mimi hizo DNA sikusoma lakini hawa twawajua. Ukitega malema nje ya mwamba asubuhi wamkuta yule mwekundu mwenye madoadoa meupe na nywele miguuni, mkubwa, kombe lake lajaa mkono. Yuwaingia kufuata chambo na samaki akiwa mnyonge amtia gando. Sisi twamvunja kombe twamtia kwa ndoana, changu yuwampenda huyo.

Kuna mwengine hubandika wale wanyama laini wenye vishikio vya kuwasha juu ya kombe lake, wawili watatu, pweza akija kumkumbata achomwa. Na siku ya kuhama kombe hawaachi. Awapapasa kwa magando pole pole mpaka wajiachie, awavuta awabandika kwa nyumba mpya, ndipo aende zake. Hilo nimelitazama maji kupwa pale mwambani na watoto wa siku hizi hawaamini.

Mikokoni Tudor nako wako wadogo wadogo, maji yakitoka warundikana mizizini chungu nzima wangoja maji yarudi.

Mzamiaji_Nyali
Mzee shikamoo. Hilo la kubandua na kubandika limeandikwa hata vitabuni, na huyo mwekundu wa madoa anaitwa Dardanus megistos. Hao wa kurundikana mikokoni ni jamii ya Clibanarius, kuna Waitaliano walikaa Mida kule Watamu wakiwachunguza hao hao.

Mzee_wa_Malema
Marahaba. Jina kubwa kuliko kaa.

Saidi_wa_meli
Nimepita Norwei pia, niongeze kuhusu hao wakubwa. Pale si kwao asili. Wasovieti ndio waliwabeba kutoka Pasifiki miaka ya 1960 wakawamwaga Bahari ya Barents ili wavuvi wao wapate kitu cha thamani, kaa wakazaana wakatembea chini kwa chini mpaka wakavuka mpaka kuingia Norwei bila viza. Sasa Wanorwei wana mambo mawili, huku ni pesa nzuri sana, mguu mmoja mezani unalipia shopping yako ya mwezi, na huku wanakula kila kitu chini, chaza, minyoo, viumbe vya mwambani. Kwa hiyo mashariki ya longitudo 26 wavuvi wana kiwango walichopangiwa, magharibi ya hapo ni vua utakavyo ili wasizidi kusambaa. Wadogo wao hulundikana maelfu wakiwa mlima mmoja chini ya bahari, nadhani ni kujilinda tu.

Halafu kule Alaska, Bristol Bay, uvuvi wa hawa wekundu ulifungwa kabisa misimu miwili, kuanzia 2021, majike yalipungua mno. Kwa hiyo hao hao huku ni janga na kule kwao waliadimika.

Chotara_wa_Likoni
Kwa hivyo hapa kwetu hawaji? Nilikuwa nishaanza kutengeneza mtego

Saidi_wa_meli
Maji yetu ya juu ni moto kwao. Hawa wanataka baridi, na jamaa zao wanaopatikana bahari za joto wako kina kirefu huko gizani. Rudi kwa tui lako.

Dada_Mikoko
Mamake Twalha naona wanaume wamekimbilia kilo 10 swali lako la pili limebaki yatima, wacha nilijibu mimi.

Huyo wenu kwa ulivyomweleza, gando la kushoto la zambarau, kutembea nchi kavu usiku, kupanda pazia, ni Coenobita, kaa wa kombe wa nchi kavu, na ile krr krr kama ni spishi ya rugosus basi ana vijinundu kwenye gando anavikwaruza ndio sauti yake. Kumfuga naweza kukuambia inawezekana lakini sikushauri, sababu ni hizi. Anapumua hewa lakini bado kwa vitu vya bahari, matamvua lazima yabaki na unyevu, kila anakokwenda ndani ya kombe amebeba maji kidogo. Beseni kavu na feni juu linamkausha pole pole, utamwona amelegea ukadhani ana njaa. Maji ya mfereji yana klorini, hayafai mpaka uyaondoe, na anataka maji baridi na ya chumvi yote mawili, achague mwenyewe. Kujivua gamba anajifukia mchangani wiki kadhaa, watu wanadhani amekufa wanamtupa. Kula si tatizo, huyo ala kila kitu, matunda, majani makavu, samaki aliyekufa, hata mavi ya wanyama samahani. Hao ndio mafagio ya pwani.

Na hawapendi upweke. Kwao kombe likipatikana wakubwa kwa wadogo wanapanga foleni wamekamatana kwa ukubwa, yule mkubwa akihamia kombe jipya wa nyuma yake anaingia lake, na wa nyuma lake, sekunde chache foleni nzima imehama nyumba. Peke yake kwenye beseni atabadilishana na nani? Tena akitunzwa na bahati anaishi miongo, si mwaka mmoja, Twalha ataoa akiwa naye. Na hazaliani nyumbani kirahisi kwa sababu jike lazima ashuke baharini kumwaga mayai, watoto wanaelea majini wakiwa wadogo mno kabla ya kutafuta kijikombe chao cha kwanza na kupanda nchi kavu. Kwa hivyo kila anayeuzwa kwenye tangi la kioo mahali popote duniani karibu hakika ameokotwa.

Kuhusu kununua kombe kwa wale wauzaji. Yale mazuri ya kung'aa mara nyingi konokono alitolewa akiwa hai, kombe lililokaa pwani na kusagwa na mchanga haling'ai vile. Kila kikapu kinachopanda basi la watalii ni nyumba zimehama pwani, na ndani ya hifadhi yetu ya bahari hapa Mombasa kuokota ni makosa kabisa, hata lililo tupu. Mrudisheni pale pale alipotoka, jioni jua likipoa, juu kwenye majani makavu chini ya mivinje si majini kabisa, huyu hajui kuogelea.

Fundi_simu_Mwembe_Tayari
Dada umenikumbusha, mimi nishamwona mmoja Shanzu amevaa kifuniko cha chupa ya soda ya plastiki. Nikacheka nikapiga picha ikapata laiki kibao

Dada_Mikoko
Picha kama hizo wataalamu wamezikusanya mitandaoni wakazichapisha 2024: kaa 386 wamevaa takataka, spishi 10 kati ya 16 za nchi kavu walizokuwa wakizihesabu, na asilimia 85 hivi ni vifuniko vya plastiki. Kifuniko hakimfungii mlango kokote, tumbo liko nje.

Lakini kifuniko ni afadhali kuliko chupa. Chupa imelala mchangani mdomo umeinuka kidogo, kaa anaingia kutafuta kivuli au maji, ukuta unateleza hatoki. Anafia humo. Sasa hawa wakinusa mwenzao aliyekufa wanajua kuna kombe tupu, wanakuja. Anaingia wa pili, wa tatu, kila maiti inaita wengine. Visiwa vya Cocos, Bahari hii hii ya Hindi, na kisiwa cha Henderson kule Pasifiki, walikadiria kaa 570,000 wameuawa ndani ya makopo na chupa. Sasa hivi tukisafisha pwani na vijana mimi nawaambia chupa ikamuliwe au ifungwe kifuniko, usiiache wazi hata kama gari la taka halijaja.

MamaTwalha
SubhanAllah. Twalha nimemsomea hiyo ya chupa amenyamaza kabisa. Na hao kaa wa minazi wa Chumbe je, wanabana kweli au maneno ya watalii?

Mzamiaji_Nyali
Wanabana, usimpe kidole. Wajapani walipima Okinawa wakatoa matokeo 2016, mmoja wa kilo mbili hivi alibana kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 180. Huyo anavua nyuzi za dafu moja moja mpaka afike kwa yale macho ya nazi ndipo avunje, kazi ya siku. Ajabu yake ukimtumbukiza majini anazama anakufa, matamvua yake yamebaki kidogo mno, ametokea baharini na bahari sasa inamuua. Na ni mtamu na mvivu wa kukimbia, anakua pole pole sana, kwa hiyo popote watu walipoingia visiwani amekwisha, Chumbe wamebaki kwa sababu kisiwa kinalindwa. Bara huku kwetu usimtafute.

Ukitaka kumwonyesha Twalha jamaa wengine wa ukoo bila kuwabeba nyumbani, pwani imejaa. Maji yakipwa ainue jiwe pole pole pale mwambani atakuta kaa bapa, mwepesi kama ganda la yai, ana antena ndefu na akishikwa gando linabaki mkononi yeye ameshakimbia, hana shida litaota jingine. Huyo hali kwa magando, ana nywele mdomoni anazifungua anachuja chakula majini. Arudishe jiwe lilivyokuwa tu. Halafu pale mawimbi yanapopanda na kurudi achote mchanga kwa viganja viwili, kuna mwingine mviringo, mdogo, laini kushika, hana gando la maana, ukimwachia anachimba akirudi kinyumenyume na hajawahi kutembea mbele. Hao wote miguu yao ya nyuma ukiitafuta utaipata imefichwa.